UZI: Mafuta ya alizeti Dodoma. Namna ya kuwa na mzigo mwezi wa pili wakati wengine wamefunga mashine

Mkamuaji wa Kati (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa.

Maswali ya "nina milioni kadhaa, nifungue mashine ya alizeti?" yamekuwa mengi humu, na majibu karibu yote yanaishia kwenye bei ya mashine. Mashine ni sehemu rahisi. Ugumu uko hapa: mvua zetu Kanda ya Kati ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Alizeti inavunwa kuanzia Mei mpaka Julai, basi, imeisha hadi mwakani. Lakini mama lishe wa Majengo na muuza chipsi wa Nkuhungu wanakaanga kila siku ya Mungu. Anayemuuzia Juni hadi Septemba kisha akapotea, mteja anahamia mafuta ya dukani na harudi kirahisi.

Ndiyo maana watu wakisema "biashara inataka subira" mimi nauliza: subira ya gunia ngapi? Tupige hesabu.

Tuseme lengo lako ni kuuza lita 100 kwa wiki, yaani madumu matano ya lita 20. Kipindi cha njaa ya mbegu ni Januari hadi katikati ya Juni, kama wiki 24. Hizo ni lita 2,400. Gunia la kilo 65 la mbegu mchanganyiko za mtaani (Record na nyinginezo) hutoa lita 15 hadi 17 kwenye mashine ndogo. Mbegu chotara nzuri kama Hysun 33, ikiwa imekauka na safi, hufika 18 hadi 20. Chukua 17. Gawanya: gunia 141. Hizo ndizo zinazotakiwa ziwe ghalani tarehe 1 Januari, hazijaguswa, achilia mbali unazokamua kati ya Juni na Desemba.

Kama huwezi gunia 141, punguza lita za wiki. Usipunguze wiki. Lita 40 kila wiki mwaka mzima zinajenga jina kuliko lita 300 za miezi minne.

Uzi uko wazi, wenye ujuzi wa ghala, mashine na mauzo karibuni.

---

Binti Nzuguni

Asante mkuu. Swali la mtu wa chini: kama sina mashine kabisa, hii hesabu inanihusu?

---

Mkamuaji wa Kati

Inakuhusu wewe kwanza, dada. Usianze na mashine. Nunua mbegu, peleka kukamulisha kwa mwenye mashine. Malipo huwa ya namna mbili: unalipa kwa gunia na kuondoka na mashudu yako (makapi yanayobaki mbegu ikishakamuliwa), au unakamuliwa "bure" na mashudu yanabaki kwake.

Hiyo "bure" ipime. Gunia la kilo 65 likitoa mafuta kilo 16 hivi, mashudu yatakuwa kilo 43 hadi 45, kinachobaki ni vumbi na unyevu uliopotea. Kwa mfano tu, kilo ya mashudu ikiwa shilingi 500, umeacha zaidi ya 21,000 kwa gunia moja. Linganisha na ada ya kukamua ya siku hiyo. Mara nyingi kulipa taslimu na kubeba mashudu ni nafuu, hasa kuanzia Septemba, malisho yanapokauka na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na kuku wanayatafuta. Msimu wa mvua mashudu hushuka, ng'ombe wana majani.

Halafu simama pale pale wanapokamua. Mzigo wako uingie mashine ikiwa imesafishwa. Vinginevyo unabeba mafuta ya mtu aliyetangulia, na hujui mbegu zake zilikaa wapi.

---

Kizota Hesabu

Uzi mzuri, lakini napinga kitu kimoja. Ukimwambia mgeni ajaze ghala Juni, unaweza kumzika. Wote tunakumbuka msimu wa 2022/23: ushuru wa mafuta ya kula kutoka nje ulilegezwa, na bei ya alizeti shambani ikaanguka. Aliyekuwa amejaza ghala kwa bei ya juu alikaa na mbegu ghali huku dukani mafuta ya nje yakiuzwa chini yake.

Angalieni kalenda. Bajeti ya Serikali inasomwa hapa hapa Dodoma katikati ya Juni, na mabadiliko ya ushuru yanaanza Julai mosi. Yaani uamuzi mkubwa kuliko yote kwenye bei ya alizeti unatangazwa katikati ya mavuno. Sasa mtu anamaliza hela zote wiki ya kwanza ya Juni, kwa haraka ya nini?

Gawa mtaji wa mbegu mara tatu. Fungu la kwanza, mwishoni mwa Mei na mapema Juni, ni la kukamua na kuuza papo hapo. Hizo mbegu nyingi bado zina unyevu, hazifai kuwekwa. Fungu la pili ni Julai, baada ya bajeti kueleweka, mbegu zimekauka vizuri na wakulima wengi bado wanauza. La tatu ni Agosti hadi mapema Septemba, kutoka kwa mauzo ya fungu la kwanza. Bei inaweza kuwa imepanda kidogo, lipa. Hiyo nyongeza ni bima yako.

---

Mkamuaji wa Kati

Kizota, hapo umenirekebisha na nakubali. Gunia 141 za Januari zitoke fungu la pili na la tatu.

---

Ghala la Kibaigwa

Niongeze upande wa kuhifadhi, maana hapa ndipo subira inapooza, kihalisi.

Alizeti ya kuweka miezi sita au zaidi iwe na unyevu wa asilimia 8 hadi 9. Ya asilimia 12 inaonekana kavu machoni, lakini ikirundikwa inapata joto kutoka ndani, asidi ya mafuta inapanda, na mafuta yake yanakuwa makali kooni hata kama umeyakamua jana. Hakuna kichujio kinachoondoa ule ukali. Kipima unyevu kipo kwa wanunuzi wakubwa na kwenye maghala ya ushirika, omba wakupimie konzi mbili kutoka katikati ya gunia, si juu.

Pia unyevu ni hela. Gunia la kilo 65 lenye unyevu wa 12, likikauka hadi 8, linabaki kilo 62 na kidogo. Karibu kilo tatu ulizolipia ni maji. Kwa gunia 141 ni zaidi ya kilo 390, sawa na gunia sita. Ndiyo maana lumbesa (gunia lililojazwa kupita kiasi) haikusaidii kama mbegu ni mbichi. Nunua kwa kilo, kwenye mzani, achana na macho.

Ghalani: magunia juu ya chaga, usipange sakafuni. Acha nusu mita kutoka ukutani ili upite kukagua panya na kuvuja kwa bati. Usipange zaidi ya magunia saba au manane kwenda juu. Kila wiki mbili ingiza mkono katikati ya rundo. Ukisikia uvuguvugu, toa gunia hizo, anika juu ya turubai, na ndizo zikamuliwe kwanza.

Weka MBEGU, usiweke mafuta. Mbegu ikiwa na ganda lake inajilinda. Mafuta ya alizeti yasiyosafishwa yakikutana na hewa na mwanga yanachacha. Kamua ya wiki mbili, tatu, yaishe, ukamue tena.

---

Mtaa kwa Mtaa

Yote haya kwa faida ya nini? Nunua bodaboda mkopo, hela kila jioni.

---

Kizota Hesabu

Fungua uzi wako wa bodaboda, kaka, tutakuja kuchangia.

---

Fundi Mota

Kwa waliokwisha kununua mashine. Mafuta kupungua kwenye gunia ni jambo la polepole sana, mtu hagundui. Mwaka wa kwanza gunia linatoa lita 18, wa pili 16, anasema "mbegu za mwaka huu mbaya". Mara nyingi si mbegu.

Shikeni mashudu yanapotoka. Yawe membamba, milimita moja hadi mbili, makavu, yanavunjika kwa kelele. Ukiyabana mkononi yakaacha mafuta, kuna mambo matatu ya kuangalia kwa mpangilio huu:

1. Nati ya kubana mdomo wa mashine imelegea. Kaza kidogo kidogo mashine ikiwa imeshapata moto, usikaze ikiwa ya baridi, utavunja shafti.
2. Mbegu zina unyevu au ni za baridi sana. Asubuhi za Juni na Julai hapa Dodoma ni baridi kweli. Anika mbegu juani saa moja au mbili kabla ya kukamua. Mbegu iliyopata vuguvugu huachia mafuta haraka.
3. Skrubu imelika. Hii ndiyo inayokula watu. Ukitoa skrubu, meno ya mwisho karibu na mdomo yakiwa yamekuwa mviringo na yanang'aa, peleka kwa mchomeleaji anayejua kujaza chuma kigumu na kuchonga upya, au nunua nyingine. Kaa na skrubu ya akiba kabla ya Juni. Usisubiri ivunjike katikati ya msimu kila fundi ana foleni.

Adui wa skrubu ni mchanga. Alizeti nyingi hupigwa chini kwenye udongo mtupu, kwa hiyo gunia linakuja na mchanga na vijiwe. Chekecha mara mbili, nyavu ya matundu makubwa kutoa mabua, ya matundu madogo kutoa mchanga. Weka sumaku kwenye mdomo wa kumiminia. Misumari na vipande vya waya vipo, msidhani havipo.

Umeme: mota ya kilowati 7.5 na kuendelea inataka fezi tatu. Kabla hujapanga fremu uliza kama nguzo ya karibu inayo. Kuvuta kutoka mbali kunaweza kukugharimu kuliko mashine.

---

Mama Ntilie wa Sabasaba

Wanaume mnaongea mashine, mimi niongee kikaango. Mafuta yenu ya kienyeji yanatoa povu mpaka yanamwagika jikoni, na yanatoa moshi mapema. Tunayapenda kwa harufu na ladha, ila kwa chipsi yanatusumbua. Leo dumu ni safi, wiki ijayo lina matope chini. Hapo ndipo tunapohama, wala si bei.

---

Chupa na Kifuniko

Mama, shikamoo. Umesema jambo kubwa kuliko sisi wote.

Povu linatokana na vitu viwili: maji, na gundi ya asili ya mbegu. Kuchuja kwa kitambaa hakutoi gundi kwa sababu imeyeyuka ndani ya mafuta. Inatolewa hivi, kwa lita 100:

Acha mafuta yatulie kwanza siku mbili, chukua ya juu. Pasha hadi nyuzi 70 au 80, tumia kipimajoto. Ongeza maji safi ya moto lita 2 hadi 3 polepole, ukikoroga taratibu dakika 20 hadi 30. Ukikoroga kwa nguvu mafuta na maji vinashikana kama maziwa na hutavitenganisha. Zima moto, funika, acha usiku kucha. Gundi inavimba kwa maji na kuzama. Fungua koki ya chini, toa matope yote (unaweza kuyarudisha kwenye mashudu). Kisha pasha mafuta hadi nyuzi 105 hivi mpaka vipovu vya maji viishe kabisa. Yakipoa, chuja, weka kwenye madumu.

Tahadhari: maji yaongezwe mafuta yakiwa hayajazidi nyuzi 80. Ukimwaga maji kwenye mafuta yaliyopita 100 yanaruka na kuunguza mtu. Sufuria isijae zaidi ya theluthi mbili, na moto uwe mbali na mahali mafuta yanapoweza kumwagikia.

Hii haiwi "dabo rifaindi". Rangi na harufu vinabaki, na moshi bado utakuja mapema kuliko mafuta ya kiwandani. Lakini povu linapungua sana na matope chini ya dumu yanakwisha. Msijaribu kostiki soda nyumbani kwa kukisia, inataka kupima asidi kwanza na kuosha mafuta baadaye.

La pili ni ujazo. Lita 20 za mafuta ya alizeti yaliyopoa zina uzito wa kilo 18.4, lita 5 ni kilo 4.6, lita 1 ni gramu 920. Pima kwa mzani, toa uzito wa dumu tupu. Usijaze mafuta ya moto! Yakiwa nyuzi 60 yamevimba. Dumu linaonekana limejaa, yakipoa yanashuka zaidi ya nusu lita na mteja anakuita mwizi, na wewe hukuiba kitu.

Madumu ya mafuta yasikae juani nje ya fremu kama mapambo. Koki na mabomba yasiwe ya shaba, shaba inaharakisha kuchacha.

---

Binti Nzuguni

Je, nikiishiwa mwezi wa tatu nikachanganya na mafuta ya mawese nipate kusogea?

---

Chupa na Kifuniko

Hapana. Usiandike "alizeti" kwenye kitu ambacho si alizeti. Na hutajificha: mafuta ya mawese yanaganda kwenye baridi, alizeti safi inabaki maji maji. Dumu lako likikaa kwenye friji ya mteja usiku mmoja limekusema. Ukiishiwa, mwambie mteja umeishiwa na utarudi Juni.

---

Hesabu za Jioni

Kuhusu mikopo na mali kauli (kumpa mteja mzigo alipe baadaye), kwa sababu ghala likijaa watu hulila bila kujua.

Mkopo wa kulipa kila wiki (kausha damu na ndugu zake) haufai kununulia mbegu za kuweka. Mbegu zinarudisha hela Januari hadi Mei, mkopo unadai kuanzia wiki ijayo. Matokeo yake Oktoba unauza mbegu ghafi ili ulipe rejesho, tena kwa aliye na subira kuliko wewe. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 (nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu), iliyorudi 2024 baada ya kusitishwa 2023, haina riba. Mkiandika andiko la kikundi, waonyesheni wazi kalenda ya mavuno na mwombe rejesho liendane nayo.

Mali kauli: mteja wa kudumu apewe dumu moja tu nje. Dumu la pili linatoka la kwanza likiwa limelipwa lote, si nusu. Wateja kumi wenye dumu moja moja ni lita 200, mauzo yako ya wiki mbili yako kwenye majiko ya watu. Ukiruhusu mawili mawili, umefunga biashara mwezi mmoja bila kujua.

Daftari: kila unapokamua, mstari mmoja. Tarehe, mbegu zimetoka wapi, kilo zilizoingia, kilo za mafuta, kilo za mashudu, umeme uliotumika kwenye LUKU. Gawa mafuta kwa mbegu. Ukiona asilimia 25, 25, 24, 23, 21 muite Fundi Mota kabla haijawa 18. Daftari hilo hilo na la mauzo linakusaidia TRA: mfanyabiashara mdogo mwenye kumbukumbu anakadiriwa kwa mauzo yake, asiye nazo anabandikwa kiwango. Kodi inalipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Awamu ya Juni inagongana na kununua mbegu, itenge tangu Aprili.

Karatasi: jina BRELA, TIN, leseni ya jiji, halafu TBS. Tangu 2019 usimamizi wa chakula umehamia TBS kutoka iliyokuwa TFDA. Mjasiriamali mdogo aanzie ofisi ya SIDO apate barua ya utambulisho na nafuu ya ada. Jengo lenye sakafu inayooshika, dari, na chumba cha kufungashia kilichotengwa na mashine ndivyo vinavyochelewesha watu wengi, kwa hiyo panga fremu ukijua hilo.

---

Mama Ntilie wa Sabasaba

Kwenye dumu moja moja sipingi. Ila mkija kudai njooni jioni, asubuhi hela yote iko sokoni kwenye nyama na mchele.

---

Kizota Hesabu

Mapigo ya mji pia yaandikeni. UDOM wakienda likizo ndefu, vibanda vya chakula kule juu vinapungua. Vikao vya Bunge, hasa kile kirefu cha Aprili hadi Juni, hoteli na mama lishe wananunua zaidi, na ndicho kipindi mbegu zimekwisha mjini. Ukiwa na mzigo Aprili na Mei unauza bila kutafuta mtu. Wafanyakazi wa Mtumba, mji wa Serikali, wananunua la lita 5 tarehe za mshahara, kwa hiyo madumu ya lita 5 yajazwe wiki ya tatu ya mwezi.

Na bei msiipandishe kila wiki. Kadiria wastani wa gharama ya mbegu zako zote za mafungu matatu, weka bei moja ya Juni hadi Desemba na nyingine ya Januari hadi Mei, mteja azijue mapema. Kupanda mara moja kunavumilika.

---

Binti Nzuguni

Nimepata pa kuanzia: kukamulisha, lita 40 kwa wiki. Nikipiga ni gunia 57 kwa zile wiki 24, sawa?

---

Mkamuaji wa Kati

Sawa, 56 na kitu, ila weka 62. Kuna panya, kuna unyevu, na kuna gunia la mkulima lenye mchanga chini.

---

Binti Nzuguni

Na vitambaa vya kichujio vinaoshwaje? Vya yule ninayekamulisha vinanuka.

---

Fundi Mota

Vinanuka kwa sababu mafuta ya jana yamechacha ndani yake, na yanaambukiza ya leo. Vikwanguliwe matope kila siku vikiwa bado vya vuguvugu. Mara moja kwa wiki viloweshwe kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, visuguliwe, visuuzwe mpaka maji yatoke meupe, vikauke kabisa juani. Kikirudishwa na unyevu kinatia maji kwenye mafuta, na povu linarudi. Akikataa kuosha, nunua seti yako, nenda nayo kila unapokamulisha, ondoka nayo.